Lupango, Gereza au Chuo cha Mafunzo: Neno Linamfanya Nini Mtu?

Ninalo daftari kubwa ambamo naandika riwaya yangu ya kwanza. Nimefika sura ya nne. Katika sura hiyo kijana mmoja niliyempa jina la Kasimu anakamatwa usiku, na kesho yake anapelekwa mahali atakapokaa miezi kadhaa. Hapo ndipo nilipokwama. Niliandika: "Kulipokucha Kasimu alipelekwa..." kisha kalamu ikagoma. Alipelekwa wapi? Gerezani? Jela? Rumande? Mahabusu? Lupango? Wiki nzima ilipita nikiitazama sentensi ile kama mtu anayetazama mto uliofurika na hajui avukie wapi.

Wenzangu wa kijiweni hapa Litumbandyosi walinicheka sana. "Sasa wewe mtunzi gani unashindwa na neno moja? Andika lupango, bwana. Kila mtu ataelewa." Ni kweli, kila mtu angeelewa. Lakini mimi na neno hilo tuna deni, na deni lenyewe ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Swali langu ni hili: je, jina tunalopaita mahali pa kufungia watu lina uzito wowote wa kimaadili? Au ni sauti tu ya mdomo, ukisema gereza au ukisema lupango, nondo ni zile zile?

Hebu kwanza tuyaangalie maneno yenyewe, maana tunayatumia kila siku bila kuyajua.

Tuanze na gereza, neno la ofisini, la kwenye vibao na magazeti. Wengi wa wataalamu wa lugha wanalihusisha na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Usishangae. Kule Kilwa Kisiwani ipo ngome ya zamani ambayo mpaka leo inaitwa Gereza. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, na hii inayoonekana sasa ilijengwa upya na Waomani mwanzoni mwa karne ya 19. Unguja nako, Ngome Kongwe imekaa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mombasa, Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ilikuja kufanywa jela na Waingereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Basi unaona safari ya neno: mahali pa kusali, mahali pa kupigania, halafu mahali pa kufungia. Wanaolitamka leo hawasikii kanisa ndani yake wala hawasikii mizinga.

Jela tumeipata kwa Mwingereza, na rumande vile vile. Mahabusu limetoka katika Kiarabu, lenye asili ya kufunga na kuzuia. Neno hili lina jambo moja la ajabu ambalo sikuligundua mpaka nilipokwama kwenye daftari langu. Mahabusu ni mtu anayengoja kesi yake akiwa kifungoni. Lakini mahabusu ni mahali pia: "yuko mahabusu." Gerezani kuna gereza na kuna mfungwa, maneno mawili, jengo na binadamu. Mahabusu ni neno moja tu, na mtu amemezwa na nyumba.

Haya, tutoke ofisini tuje mtaani. Huku hakuna anayesema fulani "anatumikia kifungo cha miaka mitano." Tunasema amekula mvua tano. Yuko ndani. Yuko lupango. Amekwenda kunyea debe. Gari la kubebea mahabusu na wafungwa ni karandinga. Mfungwa anayewasimamia wenzake ni nyapara, na neno hili ni la zamani kuliko jela zetu zote, maana katika misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara kiongozi wa wapagazi aliitwa nyampara. Msafara umekufa, cheo kimehamia nyuma ya nondo. Dar es Salaam ndiyo usiseme: huko jina la mahali tu linatosha. Ukisikia "jamaa yuko Keko" au "Segerea" huulizi anaishi mtaa gani. Na wazee waliotutangulia nao walikuwa na utani wao. Wakati wa mkoloni jela iliitwa Hoteli ya Kingi Georgi, maana ulilala na kula bila kulipa.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ya mtaani ni uhuni, yafutwe, kijana mstaarabu aseme "gereza" na "mahabusu." Walimu wangu wa sekondari walikuwa wa upande huo. Mimi nilikuwa wa upande wa pili. Niliamini kwamba lugha ya mtaani ndiyo lugha ya kweli, na kwamba mwandishi anayeiogopa atabaki kuandika barua za maombi ya kazi. Leo sipo upande wowote kati ya hizo mbili, na nitakueleza kwa nini.

Ninaye kaka, mtoto wa baba mkubwa, amenizidi miaka saba. Miaka michache iliyopita, mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikianza kunyesha, mashine ya kusaga ya mtu mmoja iliibiwa injini. Kaka alikuwa amefanya kazi ya kibarua pale wiki mbili kabla. Akachukuliwa. Dhamana haikupatikana, kwa sababu zipi mpaka leo sizielewi vizuri, mimi si mwanasheria. Nakumbuka tu kwamba kila tuliposafiri kwenda kumsikiliza tulikuta maneno yale yale: upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa. Nauli ikaisha, tukawa hatuendi.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, maskani yangu ni kijiweni. Watu waliuliza, "Bro wako vipi?" Ningeweza kujibu, "Yuko mahabusu, kesi haijaamuliwa." Hilo ndilo lililokuwa kweli. Lakini jibu hilo linatia unyonge. Ukilisema, watu wananyamaza, wanakuangalia kwa huruma, na kijana wa miaka 19 hapendi kuonewa huruma. Basi nikawa najibu kwa mbwembwe: "Jamaa yuko lupango, ananyea debe!" Watu wakacheka. Nami nikafurahi kwamba wamecheka. Siku nyingine nikaongeza chumvi, nikaigiza jinsi anavyopigania kona ya kulala, jinsi anavyomnyenyekea nyapara, mambo ambayo sikuyaona wala hakunisimulia. Nilikuwa natunga. Ukitaka kujua riwaya yangu ya kwanza ilianzia wapi, ilianzia pale, nikimtunga ndugu yangu ili nisilie mbele za watu.

Mwezi wa nne mahakama ikaona kaka hana kesi ya kujibu. Akarudi amevaa shati lile lile la kijani alilochukuliwa nalo. Mama mkubwa alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Jioni kaka akatoka kwenda dukani kununua chumvi, na watoto waliokuwa wanacheza mpira wa makaratasi wakaacha mpira wao wakaanza kuita: "Debe! Debe!"

Sikumwambia mtu yeyote kwamba jina lile lilitoka kinywani mwangu. Lakini mimi nalijua.

Mahakama ilimtoa kaka, kijiji hakikumtoa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema wazi kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Hiyo ni Katiba. Lakini nani anailinda Katiba hiyo kijiweni? Hakuna askari anayekamata maneno. Mchumba aliyekuwa amemposa akapewa ushauri na shangazi zake. Vibarua vikawa haba. Mwaka uliofuata kaka akahama, akaenda ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, akajifunza uvuvi kwa watu wasiomjua. Na kule hakuna aliyempa jina lingine.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba walimu wangu walikuwa sahihi. Kumbe maneno ya mtaani yanaua. Kama ningesema "mahabusu" badala ya "kunyea debe," pengine kaka angekuwa hapa. Basi tuyatupe tuchukue maneno ya ofisini, si ndiyo?

La, ndugu msomaji. Usikimbilie huko haraka. Maneno ya ofisini nayo yana makosa yake, ila yamevaa tai.

Chukua neno kizuizini. Tangu mwaka 1962 nchi yetu ilikuwa na sheria iliyompa Rais uwezo wa kuamuru mtu awekwe kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 zilizokuwa na kasoro. Lisikilize neno lenyewe: kizuizi. Kizuizi ni gogo barabarani, ni kitu kidogo kinachokuchelewesha kabla hujaendelea na safari. Aliyewekwa kizuizini kisheria hakufungwa, kwa sababu hakuna hakimu aliyemfunga. Sasa mwambie hivyo mkewe anayehesabu miaka. Neno lile halicheki wala halitukani. Ni la upole sana, na upole huo ndio unaoficha.

Ama tazama jirani zetu wa Kenya wakati wa Mau Mau. Waingereza walikuwa na kambi ambazo katika karatasi zao zilikuwa za kuwarekebisha watu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walipigwa mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Kurekebisha, kunywa maji: maneno masafi kabisa, hata mtoto wa shule ya msingi angeruhusiwa kuyaandika kwenye insha. Hakuna neno la kihuni hata moja hapo, na watu 11 wako kaburini.

Na Zanzibar je? Kule gereza haliitwi gereza, linaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ndani ni mwanafunzi. Nililisikia jambo hili kwa mara ya kwanza kwa kijana mmoja wa Pemba niliyekaa naye kiti kimoja katika basi la kutoka Songea, nikadhani ananitania. Mwanzoni nilikasirika. Nikasema huu ndio unafiki wenyewe: mtu amefungiwa mlango, halafu unamwita mwanafunzi! Mwanafunzi akichoka si anarudi nyumbani?

Lakini baadaye nilifikiri tena. Neno "mfungwa" linasema mtu huyu amefanywa nini. Neno "mwanafunzi" linasema mtu huyu anatarajiwa awe nani. Akitoka, mmoja ni mfungwa wa zamani, mwingine amemaliza chuo. Kaka yangu angeitwa na watoto "Mwanafunzi! Mwanafunzi!" asingehama kijiji. Kwa hiyo neno lile si lazima liwe uongo. Linaweza kuwa ahadi. Na ahadi ina kanuni yake: aliyeitoa ndiye anayedaiwa. Ukishapaita mahali chuo, kila mtu ana haki ya kukuuliza mwalimu yuko wapi, somo ni lipi, na akimaliza anapata ujuzi gani. Ukipaita gereza hakuna anayekuuliza kitu. Majibu yakiwapo, neno ni kweli. Yasipokuwapo, neno limekuwa pazia. Ni neno hilo hilo, kinachotofautiana ni matendo yaliyo nyuma yake.

Nikawa sasa nimepoteza pande zote mbili. Maneno ya mtaani yalimwumiza kaka. Maneno ya ofisini yanaficha maumivu. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikaenda kumwuliza mwenyewe.

Nilimkuta ufukweni anashona wavu. Nilizunguka sana kabla ya kusema. Nilimwambia kwanza habari za riwaya, nikamwambia kuhusu Kasimu na sentensi iliyonishinda, nikamsomea orodha yangu ya maneno. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

"Kwa hiyo dogo unataka nikuchagulie neno?"

"Ndiyo, kaka."

"Mle ndani," akasema, "sikumbuki mtu aliyesema gereza, labda askari. Sisi tulisema lupango, tulisema ndani. Halina ubaya. Ukiwa humo lazima ucheke, usipocheka unakuwa kichaa."

"Na mvua?"

Akasimamisha sindano. "Hilo mvua lisikukere hata kidogo. Hilo ndilo neno la kweli kuliko yote. Mimi waliniingiza mwezi wa kumi na moja wakanitoa mwezi wa nne. Si ndiyo mvua hiyo? Sikupanda hata punje moja. Mama alinunua mahindi mwaka ule. Hakimu aliandika miezi, lakini mimi nililiwa mvua moja nzima."

Nikanyamaza. Kisha nikamwambia kuhusu "debe." Nikamwambia kwamba ni mimi.

Hakunijibu kwa muda mrefu. Alipojibu alisema, "Nilijua. Ni wewe tu ungeweza kulisema likachekesha namna ile." Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: "Debe lilikuwepo, sikatai. Lakini lile debe tulikuwa tunalitumia sisi arobaini, na wote tuliona aibu ile ile, kwa hiyo haikuwa aibu. Wewe ulilitoa nje ukanipa peke yangu."

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipoona kwamba swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza neno lipi ni jema, la ofisini au la mtaani. Sasa nadhani tunapaswa kuuliza maswali mengine. La kwanza: nani analisema, aliye ndani au aliye nje? Mzaha wa mfungwa ni blanketi lake. Mimi niliye nje nikiuvaa mzaha huo, nimemwibia blanketi. La pili: neno linaangalia wapi? Mvua na debe yote ni maneno ya mtaani. Lakini mvua inaangalia kile mtu alichopoteza, shamba lake na msimu wake. Sisi wakulima tunalielewa bila kamusi. Debe linaangalia mahali pale pale ambapo kila binadamu angependa asiangaliwe. Na la tatu: neno linabadilisha ukweli wa kesi? Kumwita mtu mfungwa kabla hajahukumiwa ni kumhukumu, hata ukilitamka kwa Kiswahili sanifu cha redioni.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba jina ni jina tu na muda utalifuta. Nami nawakumbusha jambo lililotokea hapa hapa Ruvuma. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea zaidi ya watu 60 waliopigana vita vya Majimaji, baada ya kuwaweka kifungoni. Kwa mdomo wa Mjerumani walikuwa waasi. Leo pale pana makumbusho, na kila mwaka tarehe hiyo tunawakumbuka kwa jina la mashujaa. Ni watu wale wale, kamba ile ile. Jina lao halikubadilishwa na muda. Muda haufanyi kazi peke yake. Lilibadilishwa na wajukuu waliokataa kurithi neno la mnyongaji. Kama neno linaweza kumtoa mtu kwenye uasi likampeleka kwenye ushujaa, basi linaweza pia kumtoa mtu asiye na hatia likampeleka uhamishoni Mbamba Bay.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika jambo hili lina uzito zaidi. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Humo ndani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabu. Angeweza kukiita kwa jina la jela yake au la mateso yake. Alikiita Sauti ya Dhiki. Nimelifikiria sana jina hilo. Ametaja dhiki, hakuificha. Lakini neno lililotangulia ni sauti, na sauti ni ya mtu. Kuta hazina sauti.

Basi na mimi nimeamua hivi. Nikisafiri kwenda Songea tunapita Kitai, na wakati mwingine tunawaona wafungwa wa gereza lile shambani na mavazi yao ya rangi ya machungwa. Ndani ya basi hakukosi mtu wa kutoa mzaha. Zamani mzaha huo ungekuwa wangu. Siku hizi nauliza tu kwa sauti ya kawaida, "Wewe unamjua yupi kati yao?" Mara nyingi basi linanyamaza. Siku moja mama mmoja wa kiti cha nyuma alijibu, "Mwanangu yuko gereza jingine, mbali." Tukamsikiliza mpaka Peramiho.

Kijiweni nako nimesema. Nilisimama jioni moja nikaeleza kwamba kaka alikuwa mahabusu, hakuwahi kuhukumiwa, mahakama ilimwona hana kesi ya kujibu, na kwamba lile jina nililitunga mimi na nilikosea. Haikuwa hotuba nzuri. Mmoja alicheka, wawili wakaangalia chini, mwingine akauliza kama kaka atarudi. Nikajibu sijui. Kwa kweli sijui. Amezoea ziwa.

Na daftari langu limeondoka pale lilipokwama. Nimeandika: "Kulipokucha Kasimu alipelekwa ndani kungoja kesi yake, na mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeshaanza kunyesha shambani kwake." Lupango limo pia katika sura hiyo, lakini nimempa Kasimu alitamke mwenyewe.